Rangi ya samaki isikuchanganye: kwa mnaoanza kazi ya mabwawa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vifaranga vya samaki huku Moshi na Arusha, swali mnaloniuliza sana ni mbona samaki wa bwawa moja hawafanani, huyu pezi refu yule fupi, huyu mweusi yule amepauka, tumeuziwa mchanganyiko au? Saa ingine ni kweli mmeuziwa mchanganyiko, ila mara nyingi ndo walivyo tu, na kazi yenu ya kwanza ni kujua alama gani inabadilika na ipi inakaa.

Rangi iamini mwisho kabisa. Sato, yaani perege wa Nile, ukimtia kwenye ndoo nyeusi anakuwa mweusi, ukimhamishia beseni jeupe anapauka, akishtuka au akipigwa na baridi ya mwezi wa saba mistari ya ubavuni inatokea na kupotea, sasa wewe umekaa unaandika kwenye daftari "aina mbili" wakati ni samaki yuleyule wa asubuhi. Dume akianza kuchimba kiota ndo kabisa, kichwa, kifua na mapezi vinaiva wekundu.

Mapezi yana maneno zaidi. Dume akikomaa pezi la mgongoni na lile la chini karibu na mkia yanarefuka na kuchongoka kwa nyuma, jike yake yanabaki mafupi. Lakini dume mdogo anayeonewa na wenzake anaweza kufanana na jike, kwa hiyo usiamue kwa pezi peke yake, lowesha mkono, mgeuze tumbo juu, weka tone la rangi ya chakula kwenye kile kinundu cha nyuma ya mkundu. Jike utamwona ana tundu la mayai, kama kakipasuo ka kulala, na tundu la mkojo pembeni yake, dume ana tundu moja tu pale kwenye ncha. Na msichague wazazi kwa ukubwa tu jamani, madume ya sato yanakua haraka kuliko majike, ukiokota wakubwa wote utajaza bwawa madume halafu unashangaa vifaranga viko wapi.

Sasa kinachokaa. Fungua mkia wa sato kwa vidole uangalie kwenye mwanga, kuna mistari myembamba ya kusimama imejipanga kutoka shina la mkia hadi ukingoni. Miba migumu ya mgongoni hesabu kuanzia kichwani, sato anakuwa nayo 15 mpaka 18, na hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kupishana mwiba mmoja, hiyo ni kawaida usipige kelele. Perege wa mto Pangani na ziwa Jipe hana mkia wa mistari iliyojipanga hivyo. Ukikuta mistari imekatikakatika, nusu ipo nusu haipo, shuku chotara, maana sato anazaana na perege wengine bila shida, ila usiape, mkia peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni la kifaranga lisikutishe, kwa sato linafutika akikua.

Pezi lililochanika nalo lisikuhangaishe, likiwa limeng'atwa linaota tena, wakati mwingine kwa kupinda kidogo. Likiwa na ukingo mweupe unaolika siku hadi siku, hapo ni ugonjwa, mtenge.

Mkienda kuona furu, wale samaki wadogo wa ziwa Victoria, mtakuta dume ana madoa ya njano au machungwa kwenye pezi la chini mfano wa mayai, na idadi inatofautiana dume kwa dume ndani ya aina moja. Ziwa Tanganyika ndo usiseme, Tropheus, samaki wadogo wa miambani, wa mwamba huu na wa mwamba ule mbele ya mchanga wana rangi tofauti kabisa.

Perege wa ziwa Chala, Oreochromis hunteri, kwa asili yuko ziwa lile tu duniani, kwa hiyo kifaranga cha sato kilichobaki kwenye ndoo yako usikitupe kule wala mtoni.

Ukimtilia shaka samaki mpige picha akiwa hai, mapezi yamefunguliwa, kisha kata kipande kidogo cha pezi ukitie kwenye spiriti kali kwa ajili ya DNA. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, hapana, inaharibu DNA, na samaki mzima ukimtia humo rangi inaisha.