Kabla hujakaza pakini tena, pima shafti

Kuanzia Mikindani mpaka Msanga Mkuu, boti ya injini ya ndani ikianza kuvuja nyuma, tiba ya kwanza ni ileile: kaza pakini, ile kamba ya kuzuia maji inayozungushiwa shafti, mhimili unaozungusha panga boi. Siku chache baadaye maji yamerudi, inakazwa tena, shafti inapata moto, na mwishowe inaliwa palepale pakini inapokaa. Mwenye boti analaumu pakini ya dukani. Mimi nasema pima shafti kwanza, maana shafti inayoyumba huipondaponda pakini mpaka ilegee, hata ungeagiza ya Ulaya.

Kazi yenyewe ingoje bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Boti ipandishwe maji yakijaa, yakitoka una saa kadhaa za kuchomoa shafti. Ziba tundu la nyuma kwa kizibo cha mti na tambara mara tu unapomaliza kuchomoa, usisubiri kuyaona maji yanarudi.

Ilaze shafti juu ya vipande viwili vya mbao ngumu vilivyokatwa umbo la V na kupakwa grisi, kimoja kila mahali inapokaa bushi au beringi. Weka kizuizi kichwani isiteleze mbele na nyuma. Kisha tega geji ya saa, kipimo chenye sindano, ile ambayo kila mstari wake ni 0.01 mm. Kitako chake ni cha sumaku na mbao haishikwi na sumaku, kwa hiyo pigilia kwanza kipande cha bati nene. Futa kutu na chumvi, zungusha shafti polepole kwa mkono, na usiipitishe ncha ya geji juu ya mfereji wa kii (mkato wa kukalia kipande cha kufungia), sindano itaporomoka ikudanganye.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Sindano ikitembea milimita 0.20 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, kitovu cha shafti kimehama 0.10 tu. Geji inasoma mara mbili ya kilichohama. Ukimpelekea fundi kerezo, yule wa mashine ya kuchonga chuma, namba bila kumwambia ni ipi kati ya hizo mbili, mtagombana bure.

Tia alama ya chaki pale sindano inapopanda juu zaidi, maana hapo ndipo presi itakapokandamiza. Kandamiza kidogo, achia, pima, rudia; chuma hurudi nyuma kidogo, hivyo lazima kipitishwe mstari ndipo kitulie sawa. Wale wa kuchoma kwa gesi na kugonga nyundo siwapi shafti yangu.

Shafti ikiwa nyoofu na bado inatetema, sogea kwenye kaplingi, kiungo cha shafti na giaboksi ya injini. Fungua boliti, ziache nyuso mbili zikaribiane, pima nafasi kati yake kwa fila geji (vibati vya kupimia vyenye unene unaojulikana) juu, chini, kushoto na kulia. Halafu zungusha upande wa shafti nusu duara, upande wa giaboksi usiguswe, upime tena. Nafasi kubwa ikihama pamoja na shafti, kosa ni la shafti au uso wa kaplingi yake. Ikibaki palepale, injini ndiyo haijakaa sawa, na hiyo utaitengeneza kwa vibati vyembamba chini ya miguu yake. Kipimo hiki hakihitaji geji ya saa, na kimewaokoa wengi wasinunue shafti mpya.

Tofauti inayovumilika kati ya nafasi kubwa na ndogo ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha kaplingi: kaplingi ya milimita 100, tofauti isizidi 0.1. Lakini kipimo cha mwisho kifanywe boti ikielea, imeshalala majini siku moja au mbili. Juu ya mchanga mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti, unabeba uzito wote, na chombo cha mbao hubadilika umbo kikishaingia majini. Fundi anayekukabidhi kazi boti ikiwa bado nchi kavu hajamaliza.

Pakini mpya ikaze kwa vidole, kisha robo duara kwa spana, ukiangalia. Matone machache kwa dakika shafti inapozunguka yaache, ndiyo yanayoipoza.