Kabla ya mtambo wa mboji, pimeni ndoo

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kata moja hapa Ubungo, Dar es Salaam. Barabarani kwetu kuna migahawa na mama lishe wengi, na kila jioni makombo humwagwa pamoja na taka nyingine mpaka mitaro inanuka. Mfadhili mmoja yuko tayari kutununulia mtambo wa kutengenezea mboji. Je, tuanze na mtambo huo, au kuna njia bora ya kupunguza chakula kinachotupwa migahawani na majumbani?

Jibu: Ndugu mjumbe, mtambo uwe wa mwisho. Mtambo haupunguzi chakula kinachotupwa, unapokea tu kile kilichokwisha kutupwa. Na ukipokea makombo yaliyochanganyika na mifuko, vizibo na vijiti vya mishikaki, hautatoa mboji ambayo mkulima ataikubali shambani kwake.

Anzeni na mizani. Tafuteni migahawa kumi iliyo tayari, kila mmoja uweke ndoo tatu kwa wiki mbili. Ya kwanza ni ya maganda na vilivyoozea stoo. Ya pili ni ya chakula kilichopikwa kikabaki sufuriani. Ya tatu ni ya makombo ya sahani. Pimeni kila jioni na kuandika. Ndoo zimetenganishwa kwa sababu kila moja ina ugonjwa wake: ya kwanza ikijaa, tatizo ni manunuzi na uhifadhi, ya pili, ni makadirio ya kupika, ya tatu, ni kipimo cha kupakulia.

Kuna mgahawa nilioufanyia kazi hii ambao mwenyewe aliamini wateja hawapendi mapishi yake. Nilikaa na mwosha vyombo mchana kutwa. Nyama ilikuwa inaisha, mboga inaisha, ila ndooni yalikuwa yakianguka madonge ya ugali yaliyomegwa upande mmoja, upande wa pili bado una alama ya bakuli. Mpakuaji alikuwa na bakuli moja kwa wote, dereva wa lori na binti wa ofisini sawasawa. Tukaleta bakuli la pili, dogo, nusu ikawa na bei yake, na anayetaka kuongezewa akaongezewa. Ndani ya siku chache ile ndoo ya tatu ilipungua kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na unga uliookolewa ni fedha ya mwenye mgahawa. Hoja hii ya fedha ndiyo itakayowafungulia milango kuliko tangazo lolote la usafi.

Kwa ndoo ya pili, wapike kwa awamu: sufuria ndogo saa tano, nyingine saa saba kulingana na wateja. Kisichofika mezani kinaweza kugawiwa kituo cha watoto au wenye uhitaji, mradi kimebaki cha moto, zaidi ya nyuzi joto 60, na kiliwe siku ileile. Milano, Italia, ilianza mwaka 2019 kufungua vituo vya mitaani vya kukusanya chakula kizuri kilichobaki na kukigawa, na mwaka 2021 ikapata tuzo ya Earthshot kwa kazi hiyo. Kwenu inatosha kuwa na mtu mmoja mwenye simu na pikipiki.

Majumbani msipasahau. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa asilimia 60 ya chakula kilichotupwa duniani na kaya, migahawa na maduka mwaka 2022 kilitoka kwenye kaya. Sisi tuna kiporo, desturi nzuri sana, lakini wali ukiachwa umefunikwa sufuriani usiku kucha huota vimelea vinavyotoa sumu ambayo hata kuupasha moto hakuiondoi. Utandazwe kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asiye na friji apike kinachotosha mlo mmoja. Na ndizi zinazoiva zisikae karibu na mchicha, kwani hewa inayotoka kwenye ndizi huufanya ugeuke manjano.

Sasa kilichobaki baada ya yote hayo. Wafugaji wa nguruwe watayataka makombo, ila yachemshwe nusu saa yakitokota, maana mabaki ya nyama yanaweza kubeba homa ya nguruwe, na homa hiyo humaliza banda zima. Mboji nayo inataka uwiano. Makombo yana maji mengi, kwa hiyo kila ndoo moja ichanganywe na ndoo mbili hivi za majani makavu au maranda. Ukikamua konzi ya mchanganyiko, yatoke matone machache tu. Lundo likinuka vibaya limekosa hewa: ligeuzwe, liongezwe makavu. Mtambo wa Mabwepande, Kinondoni, uliojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, uliandaliwa kwa ajili ya taka za masokoni, ambazo ni rahisi kuzitenga zikiwa safi. Hata ninyi anzeni kutenga pale mnapoweza kusimamia, yaani migahawani, kaya zifuate.

Mtaambiwa muige Korea Kusini. Kweli, kule walipiga marufuku kufukia taka za chakula mwaka 2005, na kuanzia 2013 kila nyumba hulipia kadiri inavyotupa. Kwa migahawa ningekubali ada ya kila ndoo, ipitishwe kama sheria ndogo ya manispaa. Kwa kaya, hapana, si sasa. Mahali ambapo gari la taka halipiti kwa uhakika, ada ya uzito itayapeleka makombo mtaroni usiku.

Kwa hiyo mwombeni mfadhili mizani, ndoo zenye vifuniko za rangi mbili, na guta la kuzikusanya kila siku bila kuruka, kwa sababu joto la Dar halisubiri. Tuseme migahawa 20 ikibaki na kilo 15 kila mmoja kwa siku: hizo ni kilo 300, na lundo la kawaida chini ya paa linazimudu. Mkishapata vipimo vyenu vya wiki mbili, nitumieni, tuvipitie kabla hamjasaini chochote.