Bei ya sungura hai wa kupeleka Nairobi

Ndugu, umeuliza umpangie bei gani mnunuzi wa Nairobi anayetaka sungura 40 hai kutoka Kongwa, Dodoma, Tanzania. Usiuze kwa kichwa, uza kwa kilo, na uwapime hapo hapo bandani: njiani sungura hupungua uzito, wakipimiwa Nairobi hasara ni yako. Mnunuzi anapiga hesabu ya nyama atakayopata, takriban nusu ya uzito hai. Wewe jumlisha chakula, matenga, nauli, kibali na cheti cha afya cha daktari wa mifugo. Namba ya forodha ya sungura hai, ya kujaza kwenye karatasi za mpakani, ni 0106.14. Safirisha usiku tafadhali. Sungura anayehema mdomo wazi ameshazidiwa na joto, mloweshe masikio haraka. Sungura wa porini usiwachanganye humo, hao wanasimamiwa na sheria ya wanyamapori.