Muulize Mzee wa Maabara: Doa kwenye damu ya kuku

SWALI: Shikamoo Mzee. Binti yangu Neema anasomea maabara. Likizo hii alichukua damu yake na ya kuku wangu, akanionyesha kwenye darubini. Chembe za kuku zina doa la zambarau katikati, zake hazina. Wanaumwa? Bandani ninao mia mbili.
Mama Neema, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Usichinje hata mmoja. Doa hilo ni kiini cha chembe, na kuku mzima lazima awe nacho. Samaki, chura na mjusi vilevile. Sisi mamalia ndio tunaokitoa. Chembe nyekundu ikikaribia kukomaa kwenye uboho, inakisukuma nje na seli nyingine inakimeza.

Doa hilo liliwahi kuniumbua. Nikiwa kijana maabarani Arusha, damu ya kuku niliipitisha kwenye mashine ya damu za watu. Majibu yakatoka: chembe nyeupe kibao, kama kuku ana saratani! Kumbe mashine huvunja chembe nyekundu, ikahesabu viini vilivyobaki. Mwenye kuku alishaanza kulia. Tangu siku ile damu ya kuku naihesabu kwa macho yangu.

Ila amri ya kutengeneza damu ni ileile. Ipo jeni inayoitwa GATA1, inayoielekeza seli changa iwe nyekundu. Ilitambuliwa mwaka 1989 kwa kuku na kwa panya, na samaki pia anayo. Ikiharibika, samaki huyo karibu hana chembe nyekundu kabisa. Kinachobadilika ni karakana: mtu mzima hutumia uboho, samaki hutumia figo. Figo zetu kazi yake ni kuagiza tu. Vijana wenu wanaobeba mizigo Kilimanjaro wakifika juu, oksijeni hupungua, figo zikatoa homoni ya erithropoietini, uboho ukaongeza chembe. (Ule uboho wa njano unaounyonya kwenye mfupa wa supu ni mafuta matupu, usinidai damu.)

Kama una mayai yanayoatamiwa, siku ya nne usiku yamulike kwa tochi. Utaona kitu kama buibui mwekundu. Ni mishipa yenye damu iliyoanza kutengenezwa juu ya kile kiini cha njano, kifaranga akiwa hana hata mfupa mmoja. Neema naye tumboni mwako alianza hivyohivyo, kwenye kifuko kidogo nje ya mwili wake.