Panya wa Fomalini na Kovu la Kidole Changu

Juzi binti mmoja wa kidato cha tatu, wa Likoni, aliniandikia: "Dada, wiki ijayo tunapasua panya. Ile harufu tu inanitia kichefuchefu. Nifanyeje nisiaibike?" Nilicheka, kisha nikatazama kidole changu cha shahada. Kovu liko pale pale.

Siku yangu mimi ilikuwa Machi, mvua za masika hazijaanza, lile joto la Mombasa linalogandisha shati mgongoni. Madirisha ya maabara yalifungwa kwa sababu kunguru walizoea kuingia. Panya alitolewa ndooni akidondosha fomalini, akabwagwa kwenye sinia, na macho yetu yakaanza kuwaka. Fomalini, dawa ya kumhifadhi panya asioze, ni gesi iitwayo fomaldehaidi iliyoyeyushwa majini, na joto likizidi, mvuke nao unazidi. Tangu 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeitaja fomaldehaidi kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Hayo hatukuambiwa. Tuliambiwa tusideke.

Nami kudeka sikutaka. Nilitaka udaktari, kama wewe uliyeniandikia unavyoutaka, na nilidhani daktari hageuzi uso. Ngozi ya panya ilikuwa ngumu kama kiatu, kijisu kibutu. Nikakandamiza kwa nguvu zangu zote, mkono wa kushoto umemshika panya mbele ya makali. Kikateleza. Damu ikajaa siniani, na mwalimu, badala ya kuniletea maji, akawaambia wenzangu: "Huyu mikono yake ni ya kukatia mchicha." Darasa zima likaangua kicheko. Miaka imepita mingi, lakini nikipita kwenye mafungu ya mchicha pale Kongowea bado naisikia sauti yake.

Udaktari sikuupata, hiyo ni hadithi ya karo, tuiache. Nafundisha baiolojia. Mwezi uliopita wanafunzi wangu wanane walipasua panya, wakatoka na vidole vyote vizima. Ndiyo, najisifu.

Basi sikiliza, mdogo wangu. Ombeni panya asuuzwe kwa maji mengi yanayotiririka kabla hajafika mezani. Fungueni madirisha, heri kunguru kuliko mvuke. Vaa glavu na miwani ya kinga, na lenzi za kubandika machoni ziache nyumbani. Mbane panya miguu yote minne kwa pini, hapo mkono wako hauna tena kazi ya kumshika. Inua ngozi ya tumbo kwa kibano, toboa kidogo, kisha endelea kwa mkasi, ncha ikitazama juu usije ukatoboa utumbo. Kijisu kitumie kwa nadra. Kikiwa kibutu, omba kingine. Usikandamize! Atakayekucheka mwache acheke, yeye hatakushonea kidole. Maji ya panya yakikurukia machoni, kimbilia bomba uoshe kwa dakika 15, ruhusa utaomba baadaye.

Mabaki mkabidhi mhudumu wa maabara, yasitupwe jalalani. Paka wa mtaani hajui fomalini ni nini.

Na kichefuchefu kikikubana, toka nje upumue, kisha urudi. Mimi hutoka mpaka leo. Harufu itakaa nyweleni hadi jioni, kwa hiyo siku hiyo vaa mtandio wa zamani, na ncha zake uzichomeke ndani zisiguse sinia.