Mitandao na utamaduni wetu

Ndugu yangu ulouliza kama hizi simu zinatuulia utamaduni, mie naona kinyume kabisa. Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, Unguja, kila Julai, zamani alo nje alikuwa akisimuliwa tu, saa hizi watu wakishapigana kwa migomba pale uwanjani na kile kibanda cha makuti cha sherehe kikitiwa moto, vidio zishafika Maskati na London moshi hata haujakwisha. Na taarab ndo usiseme, kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, muimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurikodi santuri, leo kijana wa Wete anaziskiliza YouTube, anamtumia shangazi yake Mombasa kwa WhatsApp, shangazi naye anamjibu kwa voisi anamalizia ubeti, basi hapo ujamaa unazidi wallahi. Linaloniuma mie ni kuwa vinavyopostiwa vingi ni vya mjini Unguja, mchezo wa ng'ombe wa Pemba nauona kwa nadra sana. Kwa hivo nyie wa Chake na Mkoani huko Pemba, mkenda kwenye mchezo rikodini, wazee waulizeni, na muandike jina la kijiji.