Mwanasheria au wakili? Na je, kweli "umeshtakiwa"?

Swali: Habari mwalimu. Dada yangu amenishtaki mahakamani sababu ya nyumba aliyoacha marehemu baba. Wengine wananiambia tafuta mwanasheria, wengine wanasema hapana, tafuta wakili. Si kitu kimoja? Na wingi ni mawakili au wawakili?

Jibu: Pole sana kwanza, kesi ya ndugu kwa ndugu inaumiza. Sio kitu kimoja. Mwanasheria ni yeyote aliyesomea sheria, awe anafundisha chuoni au yuko kwenye kampuni anapitia mikataba kutwa nzima, ila wakili ni mwanasheria ambaye ameapishwa na ana leseni ya kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu. Asili yake ni Kiarabu, mtu uliyemkabidhi jambo lako, ndo maana kuwakilisha na wakala vimetoka humohumo. Wewe kesi iko mahakamani tayari, kwa hiyo unatafuta wakili, na mtu akikwambia "mimi ni mwanasheria" muulize tu bila aibu kama ana leseni ya uwakili na kama bado haijaisha muda.

Ila kilichonishtua zaidi ni hilo "amenishtaki". Mtaani tunasema hivyo wote na tunaelewana, lakini ukimtumia wakili meseji "nimeshtakiwa naomba msaada" cha kwanza atakachofikiria ni jinai, yaani wizi, kughushi, kupiga mtu, anaweza hata akakuelekeza kwa mwenzake wa kesi za jinai wakati yako ni kesi ya madai. Kwenye madai dada yako ni mdai na wewe ni mdaiwa, na usiogope hilo neno mdaiwa, halina maana kwamba una deni la hela, ni kwamba kuna kitu anakidai kwako, basi. Karatasi nyingine zinaandika mlalamikaji na mlalamikiwa, sawa tu.

Kuna majina mengine mawili yanawachanganya watu sana. Wakili wa serikali humuweki wewe, huyo anasimama upande wa serikali, hata kwenye jinai ambayo wewe ndo umeibiwa yeye bado sio wakili wako. Halafu msimamizi wa mirathi, huyu wala si lazima awe amesoma sheria, anaweza kuwa mama au kaka, kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa warithi. Kwa hiyo ukisema "natafuta msimamizi wa mirathi" wakati unataka mtetezi wa kesi utakuwa umeomba mtu mwingine kabisa.

Mimi ningeandika hivi: "Habari wakili, nimefunguliwa kesi ya madai na dada yangu kuhusu nyumba ya urithi, mimi ni mdaiwa, wito wa mahakama ninao, naomba kujua kama unasimamia kesi za mirathi." Hapo hata kama sio kazi yake atajua akuelekeze kwa nani, na taja na tarehe iliyoandikwa kwenye wito maana hiyo haisubiri.

Wingi ni mawakili, ila upatanisho ni wa watu, yaani mawakili wamefika, sio mawakili yamefika. Wawakili hatusemi.